Mimea Isiyoomba Maji

Mjomba wangu ni fundi saa, na mtu akikaa miaka thelathini anatazama vitu vidogo kwa jicho moja, hawezi tena kupita kitu bila kukiinamia. Ukitoka naye kwenda dukani, hesabu kwamba mtarudi jioni. Atasimama mbele ya ufa wa ukuta ulioota kijimea, atauliza kimeshika wapi, kinakunywa nini, na nani alikileta. Majirani walimbandika jina la Kwanini. Hakukasirika; alitaka tu kujua nani aliyeanza.

Mimi ni mtoto wa dada yake, na nakiri kwamba kwa miaka mingi nilimwona msumbufu. Kuuliza si ujinga, sawa, lakini kuna watu wanauliza mpaka chai inapoa.

Kisa cha bustani kilianza pale Mama alipoanguka. Alikuwa amebeba ndoo kwenda kumwagilia mawaridi yake, akateleza, nyonga ikavunjika. Alilazwa wiki tano. Aliporudi na fimbo, mawaridi yote yalikuwa kuni, maana uwanja wetu unapigwa na jua tangu linapochomoza hadi linapozama. Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, natoka alfajiri na kurudi hoi. Sikuyamwagilia. Kosa lilikuwa langu na silitafutii mtu wa kumsingizia.

Kaka yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Tunamwona kila baada ya miezi mitatu, akiwahi. Alisimama katikati ya uwanja ule mkavu, mikono kiunoni.

"Basi, imetosha," alisema. "Safari ijayo nakuja na saruji. Tunamwaga zege uwanja mzima, Mama anaweka kiti chake anapumzika. Sitaki kusikia tena habari za ndoo."

 Uwanja ule Mama aliupanda mwenyewe tangu alipoolewa, na sasa aliutazama kama mtu anayehesabu watoto na kukuta wamepungua. Aliyejibu ni Mjomba.

"Na kama kuna bustani isiyotaka ndoo?"

"Bustani gani hiyo, Mjomba?"

"Bado sijui. Ndiyo maana nauliza."

Wakawekeana masharti. Kaka akirudi akakuta uwanja una uhai na hakuna aliyebeba maji, saruji haishuki kwenye lori. Akikuta pamekauka, au akisikia Mama ameshika ndoo, zege linamwagwa siku hiyo hiyo.

Mjomba hakwenda kwa wauza miche. Alisema wauza miche wanamwagilia kila asubuhi, kwa hiyo hawajui mimea yao ina tabia gani ikiachwa. Yeye alitaka kujua ni nini kinachoishi mahali ambapo watu wamehama. Akawa anazunguka nyuma ya nyumba zilizofungwa, kando ya ghala lililoungua, kwenye kiwanja cha gereji iliyokufa. Alirudi na vipande mifukoni kama mwizi wa mboga: mshubiri wenye miiba pembeni; majani marefu yenye mistari, yale yanayosimama wima kama panga; waridi la jangwani lenye shina lililovimba chini; kijiti cha bogenvilia; na yale maua madogo ya kutambaa yanayofunguka jua likikolea. Mnyaa aliuacha hukohuko. Utomvu wake unaweza kumpofusha mtu, na macho ndiyo yanayomlisha.

Kisha akaipa mimea yake mtihani. Aliipanda kwenye makopo, mawili mawili kwa kila aina, akayapanga juu ya bati la kibanda chake cha saa. Mchana ungeweza kukaangia yai pale. Siku thelathini bila tone. Wateja waliokuja kubadilisha betri walimkuta juu ya ngazi, kioo kimebanwa jichoni, anaandika kwenye daftari. Siku moja alinipigia simu kazini kuniambia kwamba yale maua ya kutambaa yamechelewa kufunguka kwa dakika kumi na moja kuliko jana kwa sababu kulikuwa na wingu. Nikamwambia nina mikate mia mbili ndani ya tanuri.

Bogenvilia ilifeli, akaipa mtihani wa marudio kivulini. Nyingine zote zilifaulu. Kwa kila aina aliacha kopo moja juu ya bati, la pili akalileta kwetu, akaligawa vichipukizi na kupanda kwenye mchanga na kokoto. Mama alikaa mlangoni akitazama. Mjomba alimwambia neno moja tu, "Dada, hizi usizifanyie kitu," akaondoka akipiga mluzi.

Baada ya wiki tatu mshubiri wetu ukawa wa njano. Yale majani ya panga yakalala chini moja moja. Wenzao juu ya bati la moto walikuwa wamenona. Nilimwona Mjomba ameduwaa kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Aling'oa mche mmoja, akanusa mizizi, akanipa na mimi ninuse. Ilikuwa inanuka kama dishi la vyombo lililosahauliwa.

"Huyu hajafa kwa kiu," alisema. "Huyu amezama."

Sasa amezama vipi, na mvua haijanyesha? Mjomba alimtuhumu jirani yetu, mwalimu mstaafu, kwamba tangi lake linavuja chini kwa chini. Akachimba shimo kando ya ukuta hadi magotini. Hakukuta hata unyevu, ila alipata kijiko chetu kilichopotea na ugomvi na mwalimu uliodumu wiki nzima. Zilibaki wiki nne kaka arudi.

Siku yangu ya mapumziko Mjomba alikuja mapema, kabla jua halijapanda, akanisimamisha kando yake kwenye dirisha la jikoni. Hatukungoja sana. Mama alitoka polepole, mkono mmoja fimbo, mkono mwingine birika la chai limejaa maji. Aliinama kwa shida kwenye kila mche, akaunywesha kidogo, akahamia wa pili. Haba na haba hujaza kibaba, na hapo kibaba kilikuwa kimejaa mpaka mizizi ikaoza.

Mjomba alitoka nje. "Dada. Kila siku?"

Mama hakushtuka. "Maji hayanyimwi mtu. Nitaanzaje kuwanyima hawa, jua lote hili?"

"Lakini hawayataki. Nilikuambia."

"Uliniambia nisifanye kitu," Mama alisema. Aliweka birika chini. "Miaka arobaini nimeamka kuna kitu kinaningoja. Watoto, baba yao, kisha maua. Leo mmeniletea vitu visivyonihitaji, mkaniwekea kiti nivitazame. Hilo zege lina tofauti gani na hii bustani yako?"

 Mjomba alikaa kwenye kokoto, hapo hapo, na suruali yake ya kazi.

"Nimechunguza kila kitu humu ndani," alisema, "ila wewe sikukuuliza."

Nililia kidogo pale dirishani, sifichi.

Kesho yake alileta kisu kidogo na meza yake ndefu ya kazi kutoka kibandani, akaikata miguu ifikie kiti cha Mama. Mshubiri na jamaa zake hazitaki maji, alimweleza, ila zinataka mikono. Kichipukizi kikikatwa lazima kilale kivulini siku nne tano mpaka kidonda kikauke, ndipo kipandwe. Mtu asiye na subira anakiozesha. Hakuna kazi iliyomfaa Mama kuliko hiyo. Wiki iliyofuata meza ilijaa makopo, na mwalimu mstaafu alikuja kuomba miche miwili na kusamehe shimo.

Kaka alifika adhuhuri, mifuko ya saruji nyuma ya lori. Alikagua uwanja. Ulikuwa na mapengo, lakini ulikuwa hai, na maua ya kutambaa yalikuwa wazi yote.

"Nani alibeba ndoo?"

"Ndoo hakuna," Mama alijibu bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Birika nilibeba, nikaua saba. Nimeacha."

Kaka alicheka, akainua kopo la mshubiri, akaligeuza. "Kumbe hivi ndivyo vitu vya kupanda. Unaweka, unaondoka, unasahau. Havitaki chochote."

"Vinavumilia, mwanangu," Mama alisema. "Kuvumilia siyo kutotaka. Hata mimi navumilia."

 Mjomba alijifanya anafuta kioo chake. Kaka alirudisha kopo mezani taratibu, akakaa muda mrefu kuliko kawaida yake, na saruji ikaondoka na lori kama ilivyokuja.

Mwezi uliofuata lori lilisimama mlangoni kabla ya siku zake. Kaka alishuka mikono mitupu, akamwamkia Mama, akavuta kiti karibu na meza na kuuliza aanze kukata wapi.