Kizibo cha Loku

Kila alasiri Loku alifuta meza yake ya kupigia pasi kwa kiganja, hata kama haikuwa na vumbi, kisha akaweka kopo la bati katikati. Kabla ya kopo hakuna aliyeruhusiwa kugusa dadu.

Loku alikuwa fundi cherehani hapa sokoni Malakia. Mchezo wake alijifunza utotoni, ukimbizini Adjumani, kule Uganda. Yeye anasimulia safari, sisi tunakuwa watu wa ndani ya safari hiyo. Mama Rebecca muuza chai alikuwa malkia mwenye upanga. Mogga wa mkaa alikuwa mwizi. Mimi nilikuwa mganga. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu, na Loku anasema kimetokea nini. Akisema umeanguka, umeanguka.

"Kwani wewe ni serikali?" Mogga alimchokoza Loku, siku aliposimuliwa kuwa ametumbukia kisimani.

"Wewe unaiba hata kuku wa kwenye hadithi," Mama Rebecca akamwambia. "Kaa humo humo."

Lakini kopo lilimfunga hata Loku. Kila mmoja alitia kizibo cha soda na kutaja kitu asichotaka kukutana nacho mchezoni. Huulizwi sababu. Mama Rebecca alitaja hospitali. Mogga, lori la askari. Mimi, moto. Loku alitaja jina lile lile kila siku: Poni.

Poni ni mke wake. Julai ile ya mapigano alikwenda kumwona mama yake mzazi huko mtaa wa Gudele, na risasi zikaanza. Hakurudi, na hakuna aliyetuletea habari ya kaburi.

Msimulizi akileta kitu kilichomo koponi, anaacha kiti cha usimulizi. Sheria hiyo aliitunga Loku mwenyewe.

Siku ya mwisho, katika hadithi, tulifika mtoni. Loku akasema ng'ambo kuna mwanamke anafua nguo. Beseni lake ni la bluu, lina kiraka cha ndala nyekundu.

Mogga akaacha kutafuna njugu. Beseni hilo tulilijua, lilikuwa la Poni. Lilikuwa pale chini ya cherehani, limejaa vipande vya vitambaa.

"Anatuona?" Mogga akauliza polepole.

"Rusha dadu. Ikija sita, yuko hai."

"Na isipokuja?"

Loku akamsogezea dadu. "Rusha, ya akhi, ndugu yangu."

"Hii sirushi, fundi. Mimi ni mwizi wa kuku tu."

"Msimulizi ni mimi! Nimesema rusha!"

Hakuwa amewahi kutupandishia sauti. Mama Rebecca akaingiza vidole koponi, akatoa kizibo cha Loku, akakiweka mbele yake.

"Mwanangu, ulisema mwenyewe humtaki humu."

"Basi niambie wewe, Mama. Yuko hai?"

"Mimi nauza chai, Loku. Sijui."

Loku akainuka kwenye kiti, akampa Mama Rebecca dadu, akamwaga vitambaa sakafuni na kulikamata beseni.

"Nakwenda Gudele kuuliza," akasema. "Tangu Julai sijaenda. Nimekuwa nikiogopa."

"Ngoja kesho. Barabara si nzuri leo."

"Khalas, Mama, imetosha. Endeleeni."

Akatoka, beseni kwapani, akapita kwenye magunia ya Mogga bila kugeuka. Hatukuendelea. Niliokota vitambaa, nikavikunja. Jioni ilifika, ikaja asubuhi, na mpaka leo Loku hajarudi. Kile kizibo hatukukiona mezani. Nadhani alikwenda nacho.