Samaki Si Ndama

Mwanangu, kila nikikuona umejizungushia kamba ya ndama mkononi, nakumbuka siku moja ya miaka ya tisini, na kifundo cha mkono wangu wa kulia kinauma upya. Keti kidogo. Chai haijachemka.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani kukaa. Kukaa ndiyo kazi niliyoiweza. Paka wetu alikuwa ametembea kunishinda. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Kaplong, mji mdogo hapo jirani, tena kwa sababu ya jino. Aliyenitoa ni rafiki yangu Wekesa, kijana wa kutoka magharibi aliyechuma chai shamba la jirani. Jumapili moja baada ya kanisa alinipeleka kwenye bwawa lililo chini ya kilima. Humo mlikuwa na samaki aitwaye besi, mdomo mkubwa kama mfuko wa koti.

Wekesa hakutumia minyoo. Alikuwa na jigi: ndoano yenye kichwa cha madini ya risasi, imevalishwa manyoya ya jogoo. Unaiacha izame mpaka chini, unainua kidogo, unaiacha ianguke tena. Besi huidaka ikianguka. Uzi ni nailoni, umezungushwa kwenye kopo.

"Usifunge uzi mkononi, ndugu," aliniambia. "Shika tu kopo."

"Mimi nimeshika ndama tangu nikitambaa. Samaki ana miguu mingapi ya kunivuta?"

"Haya, mwenye ng'ombe."

Unajua tulivyo. Ndama akiponyoka akanyonya, maziwa ya jioni yamekwisha, na lawama ni ya mshika kamba. Kwa hiyo mtoto wa huku hufundishwa kuzungusha, kukaza, na kutoachilia hata akiburutwa. Nami nikazungusha.

Uzi ulishuka, ukashuka, mpaka nikashangaa. Nikainua. Nikaacha ianguke. Ndipo kitu kikanipiga mkono kama teke la ng'ombe. Nikapiga hatua mbele kwenye udongo laini kama sabuni, na hatua iliyofuata ilikuwa maji.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema. Langu halikuvunjika, lilikosa pa kukanyaga. Nilitafuta chini kwa miguu yote miwili na chini haikuwepo, hapo hapo ukingoni, mwanangu. Kuogelea sijui hadi leo. Nani angenifunza, ng'ombe? Na samaki alikuwa ameingia kwenye magogo yaliyozama, uzi ukakwama huko, ukanifunga mimi kama ndama.

Wekesa alilala kifudifudi, akanikamata kola ya sweta. Nilimwona akiteleza kuja kwangu, kifua chake tayari kimevuka ukingo. Hakuniacha. Aliuvuta mkono wangu mpaka kinywani mwake, akauma ule uzi hadi ukakatika, akanivuta nje.

Nyumbani, nyanya yangu, tuliyemwita Kogo, aliitazama sweta ikichuruzika, akautazama mkono uliokatwa na uzi. Kwake samaki alikuwa nyoka wa maji, si chakula cha watu, nikangoja anicheke. Hakucheka.

"Ndama unamfunga wewe," alisema. "Huyu alikufunga yeye."

"Nilidhani nitamweza, Kogo."

"Na yule mtoto wa watu? Mama yake yuko kwao anamngoja. Ungempelekea nini?"

Mpaka hapo nilikuwa nimehesabu maiti moja tu, yangu.

Sasa sikiza. Ndama mfunge, unalijua zizi lake na unamjua mama yake. Lakini maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kilicho huko chini, kiwe biashara ya kuambiwa au huyo msichana wa Longisa unayedhani sijasikia habari zake, kishike kwa vidole, ili ukiambiwa achia, uweze. Asiyeweza kuachia hazami peke yake. Atakayeteleza kumfuata ni yule anayempenda.

Naona ndama ameshaponyoka akanyonya tukizungumza, basi leo tutakunywa chai ya rangi. Si kitu. Mungu akupe mkono wenye nguvu na vidole vyepesi. Na siku utakayoteleza, kwa maana utateleza, akuwekee karibu mtu wa kukushika kola, nanyi wote wawili mrudi kwa mama zenu mkiwa mmelowa tu.