Consolée na Makaburi Mawili ya Wamaza

Saa kumi na mbili asubuhi, Ijumaa, Consolée Feruzi anang'oa majani kwenye makaburi ya Wamaza, wilayani Kabambare. Ukungu haujainuka. Mwanamume mwenye kanzu anampita bila salamu, anasimama katikati ya makaburi mawili yaliyolingana, anaita, "Djamila!" Kisha anainama kuchukua kopo lake la maji.

Mwanamume huyo, Iliasi, anamwagia maji kaburi la kulia, halafu la kushoto, anaondoka. Jumapili atakuja Marie-Jeanne, Mkristo, na kumwita dada yake Benita hapo hapo. Mmoja analilia mke, mwingine dada, na hakuna ajuaye nani kalala wapi. Mwandishi wa habari hizi si mwoga, lakini asubuhi ile nywele zilimsimama.

"Ni miye nilifanya," anasema Consolée, mwenye umri wa miaka 41, kabla hajaulizwa. "Andika jina langu, usilifiche."

Kazi yake ni kuzika. Mwaka jana, kipindupindu kilipoingia Kabambare, ofisi ya afya iliyomwajiri mjini Kasongo ilimwazima kwa ofisi ya huku pamoja na pampu tatu za kunyunyizia dawa ya klorini. Alilipwa faranga elfu kumi kwa siku. Barua ya kumwazima ilitaja lini pampu zirudi. Haikutaja nani atawajibika mtu aliyeazimwa akikosea.

Kwa siku sita alizika watu kumi na tisa. Kasongo, jina la marehemu hufungwa mguuni. Wamaza walikuwa wakiliandika kwa makaa kwenye mti wa machela, na hakuna aliyemwambia. Siku ya sita, kwa mara ya kwanza, zikaletwa machela mbili kwa pamoja, wanawake wawili wa kimo kimoja, kila mmoja ndani ya mfuko uliofungwa. Consolée akafanya alivyozoea kwao: akazipiga machela dawa kabla ya kuingia makaburini.

"Makaa yote ikatiririka chini. Nikauliza wabebaji, huyu ni nani? Kila mutu anaangalia mwenzake. Mvua iko inakuja. Nikasema huyu ni Djamila, nikamulaza kuelekea kibla. Nilibahatisha tu, baba. Mutu habahatishwi."

Mbebaji mmoja aliropoka matangani, na familia zote mbili zikaenda mahakamani. Tangu hapo, anasema, kila akishika pampu husikia mwanamke akimuuliza, taratibu, bila hasira: miye ni nani? Akina mama wakikutana naye njiani huwafunika watoto nyuso.

Kwa amri ya mahakama, makaburi hayawezi kufunguliwa mpaka ijulikane nani anawajibika. Ofisi ya Kasongo inasema Consolée alikuwa chini ya amri ya wenyeji wake. Wenyeji wanasema ni mfanyakazi wa Kasongo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hawa mabwana wanausukuma kwa barua tu. Pampu zilisharudi kwa wenyewe. Mama huyu hakuna anayemtaka.

Kesi inasikilizwa Jumanne, Kasongo, wanakoishi wanawe wanne na bibi yao. Ushauri alishapewa na mkuu wake wa ofisi ya Kasongo.

"Mukubwa wa biro aliniambia, 'Mama Consolée, sema hukumbuki. Ukikubali, utabeba weye peke yako.'"

Akikubali, kazi imekwenda, na huenda jela ikafuata. Akinyamaza, ofisi mbili zitavutana miaka, na Iliasi ataendelea kumwagia maji wafu wawili. Marie-Jeanne amekwisha kueleza kwamba dada yake aliwahi kuvunjika mkono ukaunga vibaya. Mfupa utasema, ila kwanza udongo ufunguliwe.

Consolée anafuta jembe kwa nyasi. Anaogopa, na haoni haya kulisema.

"Jumanne nitasema ni miye. Wakitaka kunifunga, wanifunge. Lakini nitaomba wanipatie siku moja kwanza, nichimbe mwenyewe, niwalaze kila mutu pa kwake. Sitaki mugeni mwingine awashike. Mugeni wa kwanza nilikuwa miye."