Sare Zisizochafuka

"Wewe unayewashonea watoto wa mtaa mzima, wako utampeleka chekechea gani?"

Aliyeuliza alikuwa msusi wa mlango wa pili. Alikuja kuazima mkasi na, kama kawaida yake, akakaa. Fundi alikuwa ameinamia cherehani na pini tatu mdomoni. Akazitema kiganjani.

"Ghorofani," akasema. "Hata sina haja ya kufikiri."

Na kweli hakuwa amekurupuka. Kwa miaka tisa chumba chake cha mbele kilipokea sare za chekechea mbili za mtaa ule. Alizishona zikiwa mpya, akazitengeneza zikiharibika. Ukutani, upande wa kushoto, alitundika zile za kijani, za chekechea ya nyuma ya gereji. Zilimfikia zimechanika magoti, mifuko inaning'inia, pindo limefumuka, zimejaa oili na matope, na mara moja alikuta chura mkavu mfukoni. Kulia alitundika zile za buluu zenye kola nyeupe, za chekechea iliyokuwa juu ya duka la mabati. Hizo zililetwa mtoto akirefuka tu, ili ashushiwe pindo. Kiraka hakuna, doa hakuna.

"Shoga, mimi siulizi walimu wala sisomi mabango," alimwambia msusi. "Nasoma nguo. Hawa wa gereji wanaachiwa kama mbuzi. Wale wa juu wana mtu anayewaangalia."

Msusi akacheka. "Basi na mapacha wangu nawapeleka huko huko. Wakirudi wachafu, utawafulia wewe."

Kulikuwa na mambo mawili aliyoyaona na hakuyatilia maanani. Zile nguo za buluu zilikuwa zimelika makalioni, kitambaa kimekuwa chepesi na kinang'aa kama suruali ya karani anayekaribia kustaafu. Halafu kola zake zilikuwa zimetafunwa pembeni, hadi nyuzi zimetoka. La kwanza alilichukulia kuwa watoto wanasoma. La pili akasema ni meno yanawawasha. Alikwisha kuamua moyoni, na macho yakafuata huko huko.

Binti yake alikuwa na miaka minne. Alimpata baada ya miaka kumi na mmoja ya kumwomba Mungu, na baba yake alifariki mtoto bado anatambaa. Mtaani walimwita Chiriku, maana aliamka anaongea na akalala anaongea. Aliongea na pini, aliongea na chaki ya kukatia nguo, aliongea na kuku wa watu. "Huyu umemlisha redio," wateja walimtania mama yake. Wakisali wote wawili, Fundi alilazimika kumfunika mdomo kwa kiganja ili Amina ipate nafasi.

Siku ya kumwandikisha alimwambia mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya upole, "Nimemleta kwako kwa sababu watoto wako hawachafuki."

"Kwangu hachafuki mtoto," mwalimu akajibu, akampa mkono.

Wiki ya kwanza Chiriku alirudi na soksi nyeupe vile vile alivyoondoka nazo. Fundi akamshukuru Mungu. Mwezi ulipoisha, mtoto akawa mtu wa kukaa pale anapowekwa. Ukimwacha mkekani asubuhi, unamkuta mkekani. Mwezi wa pili akaanza kunyoosha mkono kabla ya kunywa maji, nyumbani kwao, na kusubiri aruhusiwe. Wateja wakasifu, "Ameshika adabu huyu." Akaanza na kukojoa kitandani. Sala sasa zilifika Amina bila kukatizwa. Fundi hakuupenda ule ukimya, ila hakujua aushitaki kwa nani.

Jumanne moja asubuhi, mtoto akiwa shuleni, alikuwa akiipiga pasi sare yake ya pili. Akaiona kola. Imetafunwa. Akaligeuza gauni nyuma, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, na vidole vyake vikaonekana upande wa pili. Kitambaa kile alikikata yeye mwenyewe. Alijua kabisa hakiwezi kulika hivyo kwa miezi miwili kwenye mwili wa mtoto anayeinuka japo kidogo.

Akazima pasi, akatoka bila kufunga mlango.

Kwenye ngazi alisikia viatu vyake tu. Watoto arobaini, na kimya! Akadhani wako kwenye sala, akapunguza hatua kwa heshima. Mlango ulikuwa na kufuli, kwa nje. Akasogea kwenye dirisha la nondo.

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, mikono kichwani, macho ubaoni, na ubaoni hakukuwa kumeandikwa kitu. Mtu mzima hakuwamo. Mmoja wa mapacha wa msusi alikuwa amejikojolea, mkojo unatambaa chini ya benchi, wala hakuna aliyecheka. Chiriku alikuwa mstari wa pili, kola mdomoni. Alimwona mama yake. Alimtazama machoni kabisa, akaendelea kutafuna, asimwite.

Mwalimu mkuu alikuwa chini dukani na kikombe cha chai. Alipanda taratibu, ufunguo mkononi.

"Mama Chiriku, kulikoni? Nimetoka dakika moja tu."

"Wamekaa hivi tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Wanazoea haraka, wala siwachapi, muulize yeyote." Alikuwa akitabasamu, hakuona kosa hata chembe. "Si wewe uliyetaka wasichafuke?"

Fundi akauchukua ufunguo mkononi mwake, akafungua mlango. Akambeba mwanawe. Akashuka naye ngazi. Chiriku hakushusha mikono kichwani hadi walipofika barabarani.

Mchana ule ule akaenda kwa msusi, akamkuta na mteja.

"Mimi ndiye niliyekuelekeza, na nilikosea. Nakuomba, watoe."

Msusi aliendelea kusuka. "Wangu hawajalalamika, Fundi."

"Wamefundishwa kutolalamika!"

"Sasa niwaweke wapi? Humu, kwenye moshi wa nywele bandia? Umeshanishauri mara moja. Inatosha."

Mapacha wakabaki kule. Fundi aliwaambia na akina mama wengine, mmoja mmoja. Wawili waliwatoa watoto wao. Waliobaki walisema fundi ana kinyongo, na sare wakapeleka kushonwa kwingine.

Mwezi mzima Chiriku alikaa chini ya meza ya cherehani, kimya, akitazama mguu wa mama yake ukikanyaga. Mwisho Fundi alipiga moyo konde, akampeleka nyuma ya gereji. Uani watoto walikuwa wakigombania tairi bovu kwa mayowe. Mwalimu, msichana mwenye chaki hadi kwenye nyusi, aliinama.

"Unaitwa nani, mrembo?"

Mtoto akatazama chini.

Mwalimu akafungua daftari. "Mama, kuna lolote tujue? Ana ugonjwa wowote? Kuna chakula kinachomdhuru?"

"Hapana," Fundi akasema. "Ila siku akianza kupiga kelele, naomba msimnyamazishe."