Mwanagenzi wa Kabazana Aliyeacha Kiswahili cha Amri

Saa moja asubuhi, umande haujakauka juu ya mahema ya Kabazana, Jovia Kembabazi anapiga magoti mbele ya bibi kizee aliyefika jana kutoka Kivu Kusini, Kongo. Hajamwuliza jina wala kijiji. Anamshika mikono yote miwili.

"Mulilala muzuri, mama? Baridi haikuwasumbua?"

Bibi anatikisa kichwa, kisha anaanza kueleza yaliyompata njiani. Jovia anamsikiliza hadi mwisho.

Jovia ana miaka ishirini na minne, binti wa mfugaji wa Biharwe, nje kidogo ya Mbarara, magharibi mwa Uganda. Mwaka jana, 2013, alihitimu shahada ya ustawi wa jamii, akaingia katika mpango wa serikali wa uanagenzi kwa wahitimu. Alipangiwa hapa, mahali wakimbizi wapya wa makazi ya Nakivale wanapopokelewa kabla ya kupewa viwanja. Posho yake ni ndogo, na nusu huishia kwa waendesha bodaboda.

"Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari," anasimulia. "Mama akikisikia barabarani, anatufungia ndani. Mimi nilijua maneno ya kuamrisha tu. Simama. Kaa chini. Leta kitambulisho."

Akaanza kazi na akiba hiyo hiyo ya maneno. Wiki ya pili alifika Yvette, mjane kutoka Fizi, huko huko Kivu Kusini, na bintiye wa miaka sita, Orpa. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali. Jovia, akitaka mambo yaende, akapaza sauti: "Wote kaa chini!"

Watu wakaketi. Orpa akajikojolea, akajifunika kitenge cha mama yake, akakataa kutoka.

Pélagie, mkimbizi wa siku nyingi kutoka Kongo anayepika kituoni, alizungumza na Yvette, kisha akamvuta Jovia kando.

"Mwanangu, hiyo Kiswahili yako ni ya basoda, ya baaskari," alimwambia. "Ni maneno ile ile balisema siku baliua baba ya huyu mutoto."

Jovia alikwenda nyuma ya stoo akalia. Jioni ile alifunga begi lake arudi Biharwe. Kulipokucha akalifungua, akamfuata Pélagie jikoni, akamwomba amfundishe.

Basi kila alasiri walichambua maharage pamoja, Pélagie akisema, Jovia akirudia. "Alinifundisha kuomba kabla ya kuuliza," Jovia anasema. "Na kunyamaza pia alinifundisha."

Kila asubuhi alikaa karibu na mkeka wa Orpa, akasema jambo moja, akaenda zake. Jina langu Jovia. Kwetu kuna ng'ombe. Mtoto hakuondoa kitenge usoni. Hadi siku moja Jovia akateleza ulimi, akasema ng'ombe wao anapika maziwa mengi.

Kitenge kikatikisika. "Ng'ombe hapikake," sauti ndogo ikasema, na kicheko kikafuata.

Yvette alipopata kiwanja chake, Orpa alimshika Jovia mkono wa shati kando ya lori la kuwapeleka. "Shangazi, utakuya kutuona?"

Jovia huwatembelea kila Jumamosi. Wamepanda mahindi na maharage, na Orpa ameanza shule.

"Nilidhani hatamaliza mwezi," anasema Rwakabuba, afisa anayemsimamia. "Siku hizi akienda likizo, watu wananiuliza, yule dada yuko wapi?"

Uanagenzi wake unakwisha mwezi ujao. Wilaya ina nafasi moja tu ya kudumu, na waombaji ni wengi. Mama yake angependa atafute ofisi yenye kivuli Mbarara mjini, karibu na nyumbani.

Jovia hajui kama ataipata nafasi hiyo. Anajua tu atakachowaambia kwenye usaili, na amekwisha kumwambia mama yake.

"Nikipata, nitaomba wanirudishe hapa," anasema, akiinuka kwenda kumchotea yule bibi uji. "Mtu akivuka mpaka, serikali ndiyo ya kwanza kusema naye. Nataka iseme naye taratibu."