Mutoto ndani ya wimbo wa bwana yangu

Admin, weka jina langu pembeni, na jina la groupe usiliandike, juu mji huu ni mudogo na watu wanajuana. Niko mwanamuke wa miaka vingt-neuf, ishirini na tisa, ninashona nguo nyumbani kwangu, Munigi. Tuko na miaka mine ya ndoa na Mungu bado hajatupa mutoto. Bwana yangu anapiga gitaa na kutunga nyimbo katika ile groupe ya roki ya polepole, ile mulibishana juu yake kwenye page hii mpaka watu wakatukanana. Wengine mulisema mukifunga macho inawapeleka mbali. Wengine mukasema ni muziki wa kulaza wagonjwa. Mimi nilisoma yote nikanyamaza.

Nisiwadanganye, nilikuwa upande wa wanaosinzia. Wanafanya répétition, mazoezi yao, hapa uani katika lupango yetu, na wimbo mumoja unaweza kuanza nikikata kitambaa, ukaisha nimekwisha kushona mikono yote miwili. Siku moja jirani aliingia na kitenge kichwani, uso wa huzuni, akaniuliza kwa sauti ya chini nani amekufa kwetu. Mama mukwe wangu, ambaye tunaishi naye, alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ndiye alikuwa anauchukia ule muziki kutushinda sisi wote. Mbele ya wageni alikuwa anasema, "Nilisomesha mutoto ili anipigie gitaa ya matanga?" Bwana yangu hakukasirika hata siku moja. Alimujibu tu, "Mama, utazoea."

Basi kuna ule wimbo mupya, ule ambao wengi wenu munaupenda. Gitaa zimejaa mwangwi, sauti iko mbali kama mutu anaimba ndani ya pipa, na ninyi munabishana juu ya huo mwendo wake tu. Maneno hakuna anayeyashika. Mimi nimeyashika, juu mashine yangu iko karibu na dirisha na niliyasikia tangu siku walipoanza kuyajaribu. Yanasema: "Rudisha mulango polepole, mutoto asiamuke, mashua ya asubuhi haitaningoja."

Mutoto gani? Kwetu hakuna mutoto wa kuamshwa. Lakini bwana yangu anapanda mashua kila mwezi kwenda Bukavu, ngambo ya ziwa, anasema kule kuko rafiki yake mwenye studio, na kwamba analala kwake. Mimi mwenyewe ndiye ninamufungia chakula cha safari. Nikaanza kukumbuka shati zake. Anaondoka na shati chafu ndani ya sakoshi yake ya safari, anarudi nayo imefuliwa na kupigwa pasi, na mikono iko na mustari umenyooka sawasawa. Mwanaume gani wa studio anamupigia mwenzake pasi ya namna ile? Kazi yangu ni nguo, hapo hakuna mutu wa kunidanganya.

Nikamuuliza siku tulikuwa tunatoka kanisani. "Papa, huyu mutoto wa wimbo ni wa nani?" Akanijibu: "Ni wimbo tu, chérie. Mutu anatunga kile anachokikosa." Nililia palepale barabarani na nikamuomba musamaha. Tulipofika nyumbani ndiyo nikajiuliza: mutoto anamukosa, sawa, na mashua je? Hiyo si anaipata kila mwezi?

Halafu Mama akageuka. Siku waliupiga ule wimbo mpaka mwisho, aliacha sombe yake, majani ya muhogo aliyokuwa anatwanga, kwenye kinu akasikiliza mpaka gitaa ya mwisho ikanyamaza. Tangu hapo hakuna mutu wa kusema vibaya juu ya muziki ule mbele yake. Jirani alijaribu tena mambo yake ya matanga, Mama akamukata: "Kama hauelewi, nyamaza." Mama yuleyule. Na anapofikiri simuangalii, anapanguza macho.

Nikamukaribia alipokuwa jikoni. "Mama, huu wimbo unaupendea nini?" Alinijibu bila kuinua kichwa, "Mutoto hana kosa." Nikamuambia, "Mutoto gani, Mama?" Mikono yake ikasimama. "Nilikuwa ninaongea ya wimbo," akasema, kisha akaniomba chumvi. Sombe yenyewe ilikuwa bado haijafika hata kwenye moto.

Dada yangu mukubwa ananiambia kukosa mutoto kunanifanya nisikie vitu ambavyo haviko. Labda ni kweli. Ninaogopa kuwa mujinga wa wivu, na ninaogopa zaidi kuwa mutu wa mwisho kujua katika nyumba yangu mwenyewe. Nikiwaona bwana yangu na Mama wanaongea na wananyamaza nikiingia, moyo unaniuma. Bwana yangu ninamupenda. Kama kule kuko mwanamuke mwenye mutoto, mimi nitabaki hapa kwa jina gani? Siku watakapowaleta, mutu atakayeambiwa aondoke anajulikana.

Sasa Jumamosi wako na concert. Wameongeza sauti ya mwanamuke kwenye wimbo ule, na jana bwana yangu alikuja akakaa karibu na mashine yangu, akaniomba niiimbe mimi, juu ninaimba katika chorale ya kanisa. Mama alikuwa amesimama mulangoni, anatusikiliza. Sijui kama bwana yangu ananicheka, ama anatafuta kunifanya niyaseme yale ambayo yeye anashindwa kuniambia. Nilimuomba siku mbili za kufikiri. Nikikataa, atajua kwamba nimejua. Nikikubali, nitasimama mbele ya watu wote, yeye pembeni yangu na gitaa yake, na nitaimba maneno aliyonipa: "Enda salama, papa ya mutoto wangu. Tuko hapa, tutakungojea."

Ndugu zangu, wamama wenye ndoa, na ninyi wanaume pia: mungekuwa mimi, mungeyaimba?