Sheria ya Lugha Nyumbani Kwangu

Niliporudi Bariadi nilirudi na diploma. Naisema mapema ili tusipotezeane muda. Ni diploma ya biashara, ya Dar es Salaam, niliyoilipia mwenyewe kwa kuuza mitumba, bila mjomba serikalini wala padri wa kunisemea. Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa, mtu binafsi anaruhusiwa kununua pamba, na kila mwenye mzani na lori la kukodi alijiita mkurugenzi. Mimi nilikuwa na mzani, lori la kukodi na diploma. Wenzangu waliishia kwenye lori.

Wakati huo kila kizuri kilitoka nje: sabuni ya nje, betri ya nje, viatu vya nje vilivyokwisha kuvaliwa na watu wa nje. Wakurugenzi wa pamba wakaanza kuona aibu kuwa na mtoto wa kienyeji ndani ya nyumba yenye redio ya Japani. Jirani yangu, mnunuzi kama mimi ila bila elimu, alimfundisha mwanawe kusema "Gudi moningi". Mtoto yule aliitoa asubuhi, mchana na jioni, kwa watu na kwa mbuzi, na kila mara baba yake aliangaza macho pande zote kuona nani amesikia.

Mimi niliona huo ni ushamba. Binti yangu, kifungua mimba wangu, angekipata Kiingereza kama lugha yake ya kwanza, si ya kuazima. Nikatunga sheria. Mtu yeyote asimsemeshe Kisukuma wala Kiswahili. Mimi ningemsemesha Kiingereza. Mke wangu, ambaye Kiingereza chake kiliishia darasa la saba, angenyamaza na kumwekea kaseti niliyoinunua Kariakoo, yenye sauti ya mwanamume anayeuliza njia ya kwenda stesheni.

Mpango ulikuwa safi. Ila msimu wa pamba nilitoka alfajiri kwenda Shishiyu au Migato, na Kiingereza kilirudi nyumbani mtoto amelala. Binti akakaribia miaka mitatu hajasema neno. Alinyoosha kidole, alivuta kanga ya mama yake, alilia kwa ufasaha mkubwa. Neno, hakuna.

"Baba watoto, naogopa," mke wangu aliniambia. "Wenzake sasa wanatukana. Wetu hata tusi hana."

"Anakusanya," nikamjibu. "Kiingereza kina maneno mengi."

Kumbe alikwisha kumpeleka zahanati bila kuniambia. Mganga alipiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto, mtoto akageuka. Akamtazama ulimi, akaona mzima. Akasema wakaangalie vizuri huko nyumbani. Tangu hapo mke wangu alikuwa akiniangalia mimi vizuri.

Ndipo mama yangu akaja kutoka Zagayu kutusalimia, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa juani. Nilimsomea sheria kabla hajavua kandambili.

"Mayu, mtoto huyu haongeleshwi Kisukuma."

"Anaongeleshwa nini?"

"Kiingereza."

"Mimi sina."

"Basi umnyamazie, Mayu. Kidogo tu, mpaka kishike."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe usiku. "Haya, baba. Nimesikia."

Akanyamaza kweli. Alimwosha mtoto kimya, alimlisha kimya. Nikajisifu kwa jirani kwamba nidhamu ya nyumba inaanza juu.

Siku moja lori lilipata pancha, nikarudi mchana. Nikiwa bado getini nilisikia ugomvi nyuma ya jiko. Mama yangu alikuwa amesimama mikono kiunoni, akimwaga Kisukuma kizima kizima juu ya binti yangu.

"Mwanamke gani wewe! Mume wangu yuko juani na ng'ombe, kanifungashia michembe yangu, wewe umekaa mjini unanenepa! Kupika hujui, kufagia hujui, meno yenyewe hayajatimia! Utamweza mume wangu wewe?"

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, na babu ndiye wanayemgombania. Najua hilo. Lakini sheria ni sheria.

"Mayu! Tulikubaliana usimsemeshe mtoto!"

Hata hakugeuka. "Mtoto yuko wapi hapa? Huyu ni mke mwenzangu. Kwenye sheria yako hukumtaja."

Binti akapiga mguu chini, akaukumbatia mfuko wa michembe na kupaza sauti: "Yaya! Wane!"

Hapana. Wangu. Kama ni mfuko au ni mume, hakufafanua. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko unadondosha uji, akakaa kizingitini, akacheka huku machozi yanamtoka. Mama yangu hakupumzika. "Ananijibu! Mnamsikia mwizi wa waume, ananijibu!"

Tangu siku ile ninayo nadharia, na ni yangu. Mtoto haanzi kusema kwa kuwa amefundishwa. Anaanza kwa kuwa amechokozwa na hana budi kujibu. Yule bwana wa stesheni hakuwahi kumgusia mchembe wake hata mmoja. Jambo hili sikulisoma kwenye diploma, ingawa asiye na diploma asingeligundua.

Maneno yakafunguka kama mto Simiyu wakati wa masika. Jirani alipopita na mwanawe wa gudi moningi, binti yangu alimpa salamu na maswali ya Kisukuma mpaka mtoto wa watu akajificha nyuma ya suruali ya baba yake. Nilifurahi mno. Ila mimi, mwenye nyumba, sikuwa nimepewa hata neno. Nilipomkaribia aliinamisha kichwa, kama anayesubiri kunyweshwa dawa.

Jumapili moja baada ya kanisa nilimkuta nyuma ya nyumba akipika udongo kwenye kopo. Nikaanza na Kiingereza. Akainama. Nikachungulia upande wa jirani: hapakuwa na mtu. Nikachuchumaa, nikamwuliza kwa Kisukuma cha Zagayu, "Leo unapika nini? Na mume wako anarudi saa ngapi?"

Akainua uso, akanitazama sana.

"Hakijaiva," akasema kwa lugha hiyohiyo, kwa sauti ya bibi yake kabisa. "Kaa chini."

Nikakaa, mavumbini, na suruali yangu ya pasi.